Kijana wa miaka 17 ameletewa mkataba wa miaka 5: tukague nini kabla ya kutia sahihi?

Ami wa Barani

Assalaam alaykum, na salamu kwa wote. Naomba msaada kwa wanaoyajua mambo ya mikataba ya soka, kwa upande wa sheria na kwa upande wa uzoefu pia. Mtoto wa marehemu ndugu yangu, ambaye tunamlea mimi na mama yake hapa Malindi, ana umri wa miaka 17 na atatimiza 18 mwaka ujao. Tangu alipokuwa na miaka 13 anachezea klabu moja ya mtaa. Hajawahi kuandikiwa mkataba wowote. Anachopata ni nauli, na mara mojamoja viatu.

Mwezi uliopita, baada ya mashindano katika uwanja wa Alaskan, alitujia mtu anayejiita wakala, akasema kwamba klabu moja ya ligi kuu iliyoko Nairobi inamtaka kijana. Ametuachia karatasi tatu. Ya kwanza ni mkataba wa klabu wa miaka 5, ulioandikwa kwa Kiingereza, wenye kipengele kinachosema kwamba klabu inaweza kuuongeza kwa miaka 2 zaidi kwa hiari yake, na kingine kinachosema kwamba mkataba utaanza kuwa na nguvu mchezaji akishafaulu vipimo vya daktari. Ya pili ni mkataba wa uwakilishi kati ya kijana na wakala, nao ni wa miaka 5. Ya tatu ni barua fupi ambayo mimi, kama mlezi, natakiwa niitie sahihi nikikubali kwamba asilimia 20 ya pesa zozote za uhamisho wake wa baadaye zitakuwa za wakala huyo. Kwa mdomo ameahidi kumpeleka kijana Oman kabla ya mwaka kwisha, na ikishindikana, Tanzania.

Wakati huohuo viongozi wa klabu ya mtaa wanasema hawatamwachilia mpaka walipwe shilingi 150,000, kwa hoja kwamba wao ndio waliomlea kisoka. Siwalaumu, maana kweli wamemlea, na kocha wake alikuwa akimfuata mpaka nyumbani siku ambazo hakufika mazoezini. Lakini pesa hizo sina, na sijui kama ni haki yao kuzidai kwangu.

Nauliza, basi: karatasi hizi zina uzito gani mbele ya sheria? Klabu ya mtaa inastahili nini, na kutoka kwa nani? Na kijana akifika huko akakaa miezi bila mshahara, ana mlango gani wa kubisha?

Wakili wa Ngomeni

Waalaykum salaam, Ami. Nitaanza na karatasi ya tatu, kwa kuwa ndiyo iliyo wazi kuliko zote: usiitie sahihi. Kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji zinakataza klabu au mchezaji kuingia katika makubaliano yanayompa mtu wa tatu sehemu ya pesa za uhamisho wa baadaye, na marufuku hiyo inatumika tangu tarehe 1 Mei 2015. Wanaoweza kugawana fungu hilo ni klabu zinazohusika na mchezaji mwenyewe. Wakala hulipwa ada kwa kazi aliyoifanya katika mkataba ulioko mezani. Hamiliki sehemu ya mchezaji, na barua yenu haiwezi kumfanya amiliki.

Karatasi ya pili nayo ina kasoro kubwa. Kanuni za mawakala ambazo FIFA ilizipitisha Desemba 2022 zinataka wakala awe mtu aliyefaulu mtihani wa FIFA na kupewa leseni, na muda wa juu kabisa wa mkataba wake na mchezaji ni miaka 2, bila kipengele cha kujiongeza wenyewe. Kwa mchezaji aliye chini ya miaka 18, wakala haruhusiwi hata kumwendea mpaka ibaki miezi 6 au pungufu kabla ya umri ambao sheria ya nchi yake inamruhusu kutia sahihi mkataba wa kwanza wa kulipwa, na hata hapo lazima kwanza apate idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi. Ni kweli kwamba mwishoni mwa 2023 FIFA ilisimamisha baadhi ya kanuni hizo, hasa kikomo cha ada, kwa sababu ya kesi zilizofunguliwa Ulaya, lakini sharti la leseni halikuguswa. Majina ya wenye leseni yamo kwenye tovuti ya FIFA na kuyatafuta ni bure. Mwombe bwana huyo jina lake kamili kama lilivyoandikwa kwenye leseni. Akianza kueleza kwamba yeye hana leseni ila anafanya kazi chini ya mwenzake mwenye nayo, umeshapata jibu.

Sasa mkataba wenyewe wa klabu, ambao ndio unaohitaji macho mengi. Kifungu cha 18 cha kanuni za FIFA kinaweka muda wa juu wa mkataba wa mchezaji wa kulipwa kuwa miaka 5, lakini kwa aliye chini ya miaka 18 muda wa juu ni miaka 3, na kipengele chochote kinachotaja muda mrefu zaidi ya huo hakitambuliwi. Kifungu hiki ni miongoni mwa vile ambavyo kila shirikisho la nchi, likiwemo shirikisho letu la FKF, linatakiwa kukiingiza katika kanuni zake bila kukibadilisha. Kwa hiyo klabu ikikwambia kwamba hayo ni mambo ya Ulaya, usikubali. Kifungu hichohicho kinasema kwamba uhalali wa mkataba hauwezi kutegemea mchezaji kufaulu vipimo vya daktari wala kupata kibali cha kazi. Klabu inayotaka kumpima na impime kabla ya kutia sahihi. Kuandika kinyume chake ni kujiwekea mlango wa nyuma: kijana akiumia katika wiki ya kwanza, wataleta karatasi ya daktari na kudai kwamba mkataba haukuwahi kuanza.

Kipengele cha kuongeza miaka 2 kwa hiari ya klabu peke yake hakijakatazwa waziwazi, lakini vyombo vya kusuluhisha migogoro vya FIFA na ile Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliyoko Lausanne, Uswisi, hukitazama kwa shaka, hasa pale ambapo mchezaji hana hiari ya namna hiyo na mshahara wake hauongezeki. Kwa kijana wa miaka 17 ningekikataa kabisa.

Kuhusu sahihi, Ami, naomba usinielewe vibaya. Najua kwamba katika desturi zetu ami ana nafasi yake baada ya baba kufariki, lakini kwa sheria ya Kenya wajibu wa mzazi uko kwa mama yake aliye hai, na sahihi inayotakiwa pamoja na ya kijana ni ya mama. Yako inaweza kuwa ya shahidi. Mlezi asiyeteuliwa kwa wosia wala na mahakama akitia sahihi peke yake, ameupa upande wa pili hoja ya bure.

Tukija kwenye sheria ya nchi, mchezaji wa kulipwa ni mwajiriwa kama waajiriwa wengine. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya miezi 3 au zaidi uwe wa maandishi, na inamtaka mwajiri ahakikishe kwamba mfanyakazi asiyeielewa lugha ya mkataba ameelezwa masharti yake kwa lugha anayoielewa. Mna haki, basi, ya kusomewa kila ukurasa kwa Kiswahili kabla ya kalamu kugusa karatasi. Sheria hiyo inasema pia kwamba mwajiri akishindwa kuutoa mkataba mahakamani, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unakuwa juu yake. Hilo halimaanishi kwamba muondoke bila nakala. Nakala iliyotiwa sahihi na pande zote ichukueni siku hiyohiyo; ahadi ya kwamba mtatumiwa baadaye mara nyingi haitimizwi.

Kuhusu klabu ya mtaa na mshahara usiolipwa, wako humu wenye uzoefu kuliko mimi. Nitarejea.

Katibu wa Klabu, Kisumu Ndogo

Nashukuru kwa suala hili, kwa kuwa limetugusa sisi tunaoendesha klabu ndogo. Mimi si katibu wa klabu anayoisema Ami, ila shida zetu ni zilezile, na nitasema ukweli hata kama wenzangu watanuna.

Kwa mujibu wa kanuni za FIFA, mchezaji wa kulipwa ni yule mwenye mkataba wa maandishi na anayelipwa zaidi ya gharama anazoingia katika kucheza. Wengine wote ni wachezaji wa ridhaa. Kijana wa nauli na viatu, asiye na karatasi, ni mchezaji wa ridhaa, na klabu yake haina mkataba wa kumuuzia mtu. Wanachoshika ni rekodi ya usajili. Uhamisho wa usajili huo lazima upitie kwenye shirikisho, na ni heshima kuwaaga vizuri, lakini kumdai mzazi shilingi 150,000 ili mtoto aende kufanya kazi hakuna msingi ninaoujua. Kama kuna wa kuombwa pesa, ni klabu ya Nairobi inayomchukua.

Walakini klabu ya mtaa haikosi haki yote, na hapa ndipo viongozi wenzetu wengi wanapopoteza pesa halali huku wakipigania zisizo zao. FIFA ina malipo ya aina mbili kwa klabu zilizomlea mchezaji. Ya kwanza ni fidia ya mafunzo, ambayo hulipwa mchezaji anapotia sahihi mkataba wake wa kwanza wa kulipwa katika nchi nyingine, na tena anapohama kimataifa kabla ya kwisha kwa mwaka anaotimiza miaka 23. Ya pili ni mgao wa mshikamano, yaani asilimia 5 ya kila ada ya uhamisho wa kimataifa, inayogawanywa kwa klabu zote zilizomfundisha tangu mwaka wa miaka 12 mpaka wa 23. Kila mwaka kati ya 12 na 15 una asilimia 0.25 ya ada yote, na kila mwaka kati ya 16 na 23 una asilimia 0.5.

Tuchukue mfano wa kijana huyu, aliyekuwa hapo tangu miaka 13 mpaka 17. Miaka mitatu ya mwanzo inatoa asilimia 0.75, na miwili ya mwisho asilimia 1, jumla 1.75. Akiuzwa siku moja nje ya nchi kwa dola 100,000, klabu ya mtaa ina dola 1,750 zake kwa haki, bila kumwomba mtu. Ada ikiwa kubwa, fungu nalo linakua: Victor Wanyama alipohama Celtic kwenda Southampton mwaka 2013, ada iliyoripotiwa ilikuwa takriban pauni milioni 12.5, na kwa kuwa Scotland na Uingereza ni mashirikisho mawili tofauti, uhamisho wa namna hiyo ni wa kimataifa. Asilimia 5 ya ada kama hiyo ni pauni 625,000 za kugawana klabu zilizomlea mchezaji.

Lakini angalieni mitego. Kijana akihama Malindi kwenda Nairobi, huo si uhamisho wa kimataifa, na fidia ya mafunzo ya FIFA haihusiki. Klabu ya Nairobi ikimuuza nje baadaye, fidia ya mafunzo italipwa kwa klabu hiyo ya mwisho tu, kwa muda aliokaa kwake. Sisi tuliomwanzisha tunabaki na ule mgao wa mshikamano peke yake. Akiondoka akiwa mchezaji huru bila ada, hata mgao hakuna, kwa sababu asilimia 5 ya sifuri ni sifuri. Ndiyo maana klabu ya mtaa yenye busara huandikiana makubaliano na klabu inayomchukua, kwamba akiuzwa tutapata asilimia fulani ya ada. Hayo yanaruhusiwa, kwa kuwa ni kati ya klabu na klabu.

Na jambo ambalo nalisema kila kikao mpaka nimechosha watu: msajilini mtoto. Tangu Novemba 2022 malipo haya hupitia kituo maalumu cha FIFA kilichoko Paris, na kinachoangaliwa ni pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji, inayotokana na rekodi za usajili za shirikisho. Klabu isiyomsajili mchezaji, hata kama ilimlisha na kumnunulia dawa, haimo kwenye pasipoti. Ami, waulize viongozi hao kama mpwa, samahani, mtoto wa nduguyo, amewahi kusajiliwa rasmi kwa majina yake kamili na tarehe yake sahihi ya kuzaliwa. Ikiwa bado, pesa wanazozililia wamezikosa kwa mikono yao.

Beki wa Zamani

Ami, mimi nitajibu suala la mshahara, kwa kuwa nimelipitia nikichezea klabu moja ya bara ambayo sitaitaja.

Mkataba wangu ulikuwa na mshahara mdogo sana, na sehemu kubwa ya pesa tuliyoahidiwa ilikuwa posho ya ushindi, ada ya kutia sahihi na kodi ya nyumba, mambo ambayo yalisemwa kwa mdomo ofisini na hayakuandikwa popote. Klabu ilipoishiwa, tuliokuwa na karatasi tuliweza kudai kile kilichoandikwa tu. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalowashauri ni kwamba kila shilingi iliyoahidiwa iingie kwenye mkataba, pamoja na tarehe yake ya kulipwa, na nani anagharimia nyumba, na nani anagharimia matibabu. La mwisho hili si la kupuuza. Sheria ya fidia ya majeraha kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awe na bima kwa ajili ya waajiriwa wake, na goti la mchezaji ndilo jembe lake, lakini mimi nimeona wenzangu wakichangiwa na mashabiki ili wapigwe picha ya goti.

La pili ni namna ya kuondoka. Kanuni za FIFA zilizoanza kutumika Juni 2018 zinasema kwamba klabu isipolipa, kinyume cha sheria, angalau mishahara miwili ya mwezi kwa tarehe zake, mchezaji ana sababu ya haki ya kuvunja mkataba, mradi ameiandikia klabu kwamba inadaiwa na ameipa angalau siku 15 za kulipa deni lote. Barua hiyo ndiyo kila kitu. Katika kambi yetu, mwenzangu mmoja alikasirika akapanda basi usiku akarudi kwao bila kuandika neno. Klabu ikasema ametoroka kazini, na badala ya kudai akaanza kudaiwa. Mimi niliandika, nikapeleka nakala ofisini, nikamwomba katibu aipige muhuri, na nyingine nikaituma kwa barua pepe. Mazungumzo hayakuwa matamu, lakini nililipwa sehemu kubwa na nikapewa barua ya kuachiliwa bila kwenda mahakamani.

Tunzeni pia ujumbe wa M-Pesa. Klabu nyingi hulipa kwa simu, mara nyingine kutoka kwa namba ya mweka hazina mwenyewe, na siku ya kesi taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima huonyesha ni mwezi gani mshahara uliingia na ni upi uliruka. Jiungeni vilevile na chama cha kutetea wachezaji, KEFWA, ambacho ni mwanachama wa FIFPRO, muungano wa dunia wa vyama vya wachezaji. Mchezaji mmoja akiandika, barua yake huwekwa pembeni, lakini chama kikiandika, hujibiwa.

Mwisho, msitishwe na jina kubwa la klabu. Gor Mahia na AFC Leopards, ambazo kila mtoto wa Kenya anazijua, zimewahi kufungiwa usajili na FIFA kwa sababu ya madeni ya wachezaji na makocha kutoka nje. Ukubwa wa klabu haulipi mshahara.

Ami wa Barani

Mungu awalipe kheri nyote. Nimemwonyesha mama yake majibu haya, na yamebaki masuala mawili. Kwanza, hiyo safari ya Oman au Tanzania inawezekana kabla hajatimiza miaka 18? Pili, tukikubali miaka 3, halafu katikati ikatokea klabu bora zaidi, kijana amefungwa mpaka mwisho, au kuna njia? Na Wakili, umesema utarejea kuhusu mahali pa kushtaki.

Wakili wa Ngomeni

Kabla ya miaka 18, hapana. Kifungu cha 19 kinakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya umri huo, isipokuwa kwa sababu chache, kama vile wazazi kuhamia nchi hiyo kwa mambo yasiyohusu soka. Kuna pia ruhusa kwa wanaokaa mpakani, pale ambapo nyumba ya mchezaji na klabu ya nchi jirani kila moja haizidi kilomita 50 kutoka mpaka wa pamoja. Malindi haimo. Kutoka hapa mpaka Mombasa pekee ni zaidi ya kilomita 100, na Lunga Lunga, kwenye mpaka wa Tanzania, iko mbele zaidi. Anayewaahidi Oman mwaka huu ama haijui kanuni hii, ama anaijua na ana mpango wa kubadilisha tarehe ya kuzaliwa, na la pili ni baya zaidi, kwa sababu likigunduliwa atakayefungiwa ni kijana.

Kuhusu kuondoka katikati, msingi wa kanuni ni kwamba mkataba huheshimiwa mpaka uishe au pande zote zikubaliane kuuvunja. Kwa mchezaji aliyetia sahihi kabla ya miaka 28 kuna muda wa ulinzi wa miaka 3 au misimu 3. Akivunja bila sababu ya haki ndani ya muda huo, pamoja na kulipa fidia, anaweza kufungiwa kucheza kwa miezi 4. Mkataba wenu wa miaka 3 utakuwa ndani ya muda huo mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo njia ya kuondokea iandikeni humohumo: kiasi maalumu ambacho klabu nyingine ikikitoa, klabu ya Nairobi lazima imwachilie. Kiasi hicho kisiwe cha kuota. Nimeona mkataba wa mshahara wa shilingi elfu 30 wenye kiasi cha kuachiliwa cha mamilioni ambayo hakuna klabu ya ukanda huu ingeyatoa, na kipengele cha namna hiyo hakimfungulii mchezaji mlango wowote.

Miezi 6 ya mwisho ya mkataba ana uhuru wa kutia sahihi na klabu nyingine kwa ajili ya msimu unaofuata, na mkataba ukiisha anaondoka bila ada. Uhuru huo wa mwisho wa mkataba asili yake ni hukumu ya Mahakama ya Haki ya Ulaya ya tarehe 15 Desemba 1995 katika kesi ya Mbelgiji Jean-Marc Bosman. Mahakama hiyohiyo ilirudi kwenye suala la uhamisho tarehe 4 Oktoba 2024, katika kesi ya Mfaransa Lassana Diarra aliyekuwa na mgogoro na Lokomotiv Moscow, ikasema kwamba baadhi ya kanuni za FIFA kuhusu kuvunja mkataba zinabana uhuru wa wafanyakazi na ushindani kupita kiasi. FIFA ikaweka kanuni za muda zilizoanza Januari 2025, ambazo, pamoja na mengine, zimeondoa dhana kwamba klabu mpya ndiyo iliyomchochea mchezaji avunje mkataba. Sasa anayedai hivyo athibitishe. Watu mitandaoni wamelieneza jambo hili kana kwamba mikataba haina nguvu tena. Si kweli. Anayevunja bila sababu bado analipa.

Sasa mahali pa kushtaki. Wengi hukimbilia kusema "tutakwenda FIFA", lakini Baraza la Soka la FIFA husikiliza migogoro ya kazi yenye sura ya kimataifa, kwa mfano Mkenya dhidi ya klabu ya Oman. Huko dai lisizidi miaka 2 tangu tukio, na mchezaji halipi ada ya shauri. Mkenya dhidi ya klabu ya Kenya hana mlango huo. Ana vyombo vya FKF, na ana Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambako dai la mkataba wa kazi hupelekwa ndani ya miaka 3. Mahakama ya Migogoro ya Michezo, iliyoundwa na Sheria ya Michezo ya 2013, nayo ipo, ila kwa mgogoro wa kawaida wa mkataba inahitaji pande zote zikubali kulipeleka shauri huko. Kwa hiyo kubalianeni mapema: andikeni katika mkataba kwamba mgogoro ukishindwa kusuluhishwa na shirikisho, pande zote zimekubali kwenda Mahakama ya Migogoro ya Michezo. Klabu isipowajibu, mtakuwa na karatasi inayoonyesha kwamba ilishakubali.

Mama Mwanafunzi

Naomba kuingilia. Mbona hakuna aliyetaja shule? Kijana wa miaka 17 ama yuko sekondari ama ndiyo kwanza anamaliza. Akienda Nairobi mtihani atafanyia wapi?

Katibu wa Klabu, Kisumu Ndogo

Umesema kweli, Bi. Hilo nalo ni la kuandikwa: klabu imsajili katika shule iliyo karibu na kambi au imruhusu kurudi Malindi kipindi chote cha mtihani bila kukatwa mshahara, na karo ilipwe na nani. Klabu isiyotaka kuliandika hilo haina nia ya kulitekeleza.

Ami wa Barani

Ahsanteni sana. Nimempigia bwana yule nikamwomba jina lililo kwenye leseni. Amesema atanipigia, bado hajapiga. Kwa hiyo tumeamua kuiandikia klabu ya Nairobi moja kwa moja, kwa jina la mama, tukiomba mkataba wa miaka 3 bila kipengele cha kuongeza, vipimo vifanywe kwanza, na rasimu ya Kiswahili iambatane na ya Kiingereza. Klabu ya mtaa nimeiomba tukae kikao Ijumaa baada ya swala ya alasiri. Katibu, je, unaweza kunielekeza ile barua kati ya klabu na klabu iwe na nini, ili niende nayo?

Katibu wa Klabu, Kisumu Ndogo

Iwe fupi, Ami. Majina ya klabu mbili kama yalivyosajiliwa, jina kamili la kijana na tarehe yake ya kuzaliwa, misimu aliyocheza Malindi, asilimia ya ada ya uhamisho wowote wa baadaye itakayolipwa kwa klabu ya mtaa, ndani ya nchi au nje, na siku ambazo malipo yatafanyika baada ya klabu ya Nairobi kupokea pesa zake. Ongezeni sentensi kwamba makubaliano hayo hayapunguzi mgao wa mshikamano. Jina la wakala lisiwemo popote. Na kabla ya kikao, waombe viongozi wachapishe ukurasa wa usajili wa kijana. Ikiwa hayumo, wamsajili kabla ya uhamisho kuombwa, vinginevyo barua itataja misimu ambayo rekodi ya shirikisho haiijui.